Mwanamke Aliyemshinda Sherlock Holmes

Msomaji, kama umepata kusoma Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla kilichopigwa chapa mwaka 1960, basi wamjua Bwana Msa: mtu mtulivu, mwenye kiko chake, na rafiki yake Najum kando yake. Babu zao hao wawili ni Sherlock Holmes wa London na Daktari Watson, walioumbwa na kalamu ya Arthur Conan Doyle, daktari mzaliwa wa Edinburgh. Mpelelezi hodari namna hii twatazamia ashinde siku zote. Lakini katika hadithi fupi ya kwanza ya Holmes, iliyotoka katika gazeti la Strand mwezi wa Julai 1891, alishindwa. Na aliyemshinda ni Irene Adler, mwimbaji wa opera aliyezaliwa Marekani.

Kisa chenyewe ni hiki. Mfalme wa Bohemia (nchi hiyo ni ya kweli, nayo leo imo katika Jamhuri ya Cheki, lakini mfalme huyu ni wa kubuni) aliwahi kupendana na Irene, kisha akamwacha. Sasa alitaka kuoa binti wa mfalme mwenziwe, na Irene alitishia kumpelekea mchumba huyo picha waliyopigwa wote wawili. Barua mfalme angeweza kuzikana: mwandiko huigwa, karatasi huibwa, muhuri hughushiwa. Picha ya watu wawili pamoja angeikanaje? Alikwisha jaribu mara tano kuipata. Mara mbili wezi aliowalipa waliipekua nyumba ya Irene, mara moja mizigo yake ilipotoshwa safarini, na mara mbili alivamiwa njiani. Wale wamwitao Irene mwovu huyasahau hayo.

Holmes akajigeuza kasisi. Akawalipa watu wagombane mbele ya nyumba ya Irene, naye akaanguka kana kwamba ameumia. Irene akamhurumia, akaamuru aingizwe ndani. Mara Watson akatupa fataki ya moshi dirishani, na watu wakapiga ukelele wa moto. Holmes aliamini kwamba nyumba ikiungua, mwanamke hukimbilia kile akithaminicho kuliko vyote. Kweli, Irene alikimbilia ubao wa ukutani ulioficha picha, na Holmes akaona. Akaona ni salama zaidi kungoja hadi kesho.

Hapa nakuomba utue kidogo. Irene alinaswa, ila alitambua upesi kwamba amenaswa, kwa maana alikwisha onywa miezi mingi kabla kwamba mfalme akimtuma mtu, mtu huyo atakuwa Holmes. Akavaa mavazi ya kiume, akamfuata yule kasisi mpaka Baker Street apate hakika, na akampa usiku mwema kwa jina lake! Holmes, ambaye hutambua kazi ya mtu kwa kumtazama mara moja, alisema sauti ile amepata kuisikia, asijue ni ya nani.

Saa mbili asubuhi mfalme, Holmes na Watson walipofika, Irene alikwisha ondoka kwa gari la moshi la alfajiri, pamoja na wakili aliyemwoa jana yake. Aliacha barua, na picha yake akiwa peke yake.

Kumbuka mwaka ule ulikuwa 1891. Sheria iliyompa mke wa Kiingereza haki kamili ya mali yake ilipitishwa mwaka 1882 tu, na kura ya Bunge wanawake hawakuipata hadi 1918, tena si wote. Doyle mwenyewe, naona, alisita kidogo: mwanzoni mwa hadithi twaambiwa kwamba Irene ni marehemu.

Wanafunzi wangu chuoni, wavulana hasa, hubisha kwamba Holmes hakushindwa, kwa kuwa mfalme alipata amani. Nami huwauliza: aliipata kwa nguvu ya nani? Picha aliichukua Irene iwe ngao yake. Mfalme alibakiwa na ahadi ya mwanamke aliyemdhulumu, naye akasema ahadi hiyo yamtosha. Akamtolea Holmes pete ya zumaridi. Holmes akaomba ile picha ya Irene, akainama, akaenda zake, asiuone hata mkono alionyoshewa na mfalme.