Nukta Nyekundu ya HP-35

Andika 2.02. Bonyeza ln, kisha eˣ. Jibu lafaa kurudi kuwa 2.02, maana tendo la pili hulifungua fundo lililofungwa na la kwanza. Kwenye HP-35 za mwanzo, jibu lilikuwa 2. Basi. Zile 0.02 zimeyeyuka.

Hewlett-Packard walikitoa kikokotoo hicho mwaka wa 1972 kwa dola 395. Bill Hewlett alitaka mashine ya kutosha mfuko wa shati, nayo ikapata jina kutokana na vitufe vyake 35. Mainjinia wakaanza kuziacha rula zao za kuteleza. Sisi huku, miaka mingi baadaye, bado tulikuwa tukipitisha kidole kwenye kitabu cha majedwali, safu kwa safu, tukiomba mwalimu asituharakishe. HP-35 ilikupa sine na logi papo hapo. Haikuwa na kitufe cha sawasawa, ilikuwa na ENTER: unaandika 3, ENTER, 4, halafu ndipo unabonyeza kujumlisha. Mtu akikuazima kalkuleta ya hivi, utairudisha mbio!

Sasa lile kosa. Siku hizi programu ya simu ikiwa na kasoro, unalala, unaamka imesharekebishwa. Wakati ule wapi! Maagizo ya HP-35, 768 kwa jumla, yaliwekwa ndani ya chipu tatu kiwandani na hayakufutika. Kosa la hesabu likawa kosa la chuma. Dawa ilikuwa moja tu, kutengeneza chipu nyingine.

Kosa lilipogunduliwa, mashine kama 25,000 zilikuwa zimeshauzwa. Kampuni ingeweza kunyamaza, kwani ni nani angehesabu logi ya 2.02 kila siku? Lakini mhandisi anayejenga daraja hachagui namba. Waliwaambia wateja ukweli na kujitolea kuzirekebisha. Wengi hawakuzirudisha. Nawaelewa: ukishaonja kifaa kama hicho, kukitoa mkononi hata wiki mbili ni adhabu.

Umbo la nje nalo lilibadilika polepole. Toleo la kwanza lina kitundu kando ya swichi, chenye nukta nyekundu inayoonekana ukiwasha. Baadaye kitundu kikaondolewa. Kwa maoni yangu hakikuwa na kazi kubwa, maana tarakimu zenyewe zilikuwa za taa nyekundu za LED. Zikiwaka, unajua mashine iko macho. Kisha namba 35 ikaongezwa kwenye kibandiko cha jina, kampuni ilipokuwa na vikokotoo vingine vya kutofautisha.

Leo wakusanyaji wanaitafuta ile yenye nukta, hasa ikiwa bado inakosea. Nukta peke yake haitoshi, kwa sababu huenda chipu zilishabadilishwa. Kwa hiyo anayenunua huiwasha, huandika 2.02, hubonyeza ln, kisha eˣ, na kuomba ije 2.