Mwanza na Pwani: Umbali na Waliouchukua Mabegani

Tukiitazama ramani ya nchi yetu, twaona kwamba kati ya Mwanza na Dar es Salaam pana kilomita 850 hivi kwa mstari ulionyooka. Hesabu hiyo haijabadilika tangu kale. Kilichobadilika ni muda wa safari, na pia watu waliolipa gharama ya muda huo.

Zama za misafara, umbali ulihesabiwa kwa siku na kwa vituo vya maji. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa mabingwa wa upagazi. Kila mpagazi alijitwika mzigo wa ratili 60 au 70, na njiani watemi walidai hongo kabla ya kuruhusu msafara kupita. Mwingereza Speke aliondoka pwani pamoja na Burton mwezi wa Juni 1857, akakawia Tabora na Ujiji, na hakufika Mwanza ila mwezi wa Agosti 1858. Stanley naye aliondoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874, akafika ufukoni karibu na Mwanza mwishoni mwa Februari 1875, baada ya siku zaidi ya 100. Mashua yake, Lady Alice, ilivuka nyika ikiwa vipande vipande mabegani mwa watu.

Vitabu vya wageni vilimsifu Speke kuwa ndiye aliyeligundua ziwa. Lakini habari za ziwa hilo alikwisha kupewa na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, na wakazi wa ufukoni walikuwa wakiliita Nyanza tangu zamani. Katika safari hiyo alifuatana na Sidi Mubarak Bombay, Myao ambaye jina lake limehifadhiwa. Majina ya wapagazi walio wengi hayakuandikwa popote.

Reli ilipokuja, ilimpunguzia mpagazi mzigo, lakini haikuelekezwa kwa manufaa yake. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Ile ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam, iliyojengwa kwa jasho la Waafrika, wakiwamo Wanyamwezi na Wasukuma, ilifika Tabora mwaka 1912, ikaelekea Kigoma, ikaiacha Mwanza kando. Kwa hiyo mazao ya Usukuma yalipakiwa melini hadi Kisumu, kisha yakachukuliwa na garimoshi hadi Mombasa. Kwa miaka zaidi ya 20, Mwanza ilikuwa jirani ya bandari ya koloni jingine kuliko ya mji mkuu wa nchi yake. Ndipo mwaka 1928 tawi la reli kutoka Tabora lilipofika Mwanza, na safari ya miezi ikawa ya siku mbili hivi.

Leo ndege hutumia saa moja na nusu hivi. Hata hivyo, tusidhani kwamba ukaribu huo umeletwa na mitambo peke yake. Miji huwa karibu au mbali kwa kadiri ya njia zilizopo, na njia hufuata nia ya wenye kuzikata. Mkoloni alizielekeza bandarini ili achukue pamba. Taifa huru lina wajibu wa kuzielekeza kwa wananchi wake.

Basi, walimu na wanafunzi, tunaposoma kwamba mgeni fulani alifika Mwanza mwaka fulani, yatupasa tuulize pia: nani alimwonyesha njia, na nani alimchukulia chakula chake?