Kwa nini ankol hakuja kumzika shosho

Siku tuliyomzika shosho, 2011, nilikuwa darasa la nne na kazi yangu ilikuwa kushika laptop. Ndani ya laptop kulikuwa na ankol, kijana wake wa kwanza, amekaa jikoni kwake Massachusetts na suti nyeusi. Modemu ilikuwa inakatika-katika. Pasta anaomba, uso wa ankol unaganda. Nikikimbia upande wa migomba kutafuta network, kaburi linapotea kwa skrini. Na nyuma yangu wamama wa chama wananong'ona: kijana wa kwanza anakosaje kumwaga mchanga? Anti mkubwa hakunong'ona. Alisema wazi kila mtu asikie, ati ameoa majuu, amesahau kwao.

Hayo maneno nimekaa nayo miaka mingi. Mwaka huu nikamuuliza ankol mwenyewe, akanipa story yote, halafu nikaenda kusoma sheria zenyewe. Wasee, jibu linaanza hata kabla ankol apande ndege.

Kuna mambo mawili watu huku mtaani hukosea. La kwanza, ati ukioa raia wa Marekani tu, karatasi zimeisha. La pili, ati viza yako ikishaisha muda, hata ndoa haikusaidii. Si kweli, yote mawili. Sheria yao huuliza: uliingiaje, na anayekuombea ni nani?

Hiyo mistari ilichorwa vizuri 1986, enzi za Reagan. Congress ilisema mtu aliyeacha kibali chake kiishe hawezi tena kuomba ukaaji wa kudumu akiwa ndani ya nchi. Lakini iliwatoa kwa hilo katazo jamaa wa karibu wa raia: mume au mke, watoto wadogo, na wazazi. Kwa hivyo kama uliingia kwa mlango, ukagongewa muhuri uwanja wa ndege, halafu viza ikaisha, mume au mke ambaye ni raia bado anaweza kukuombea ukiwa hapo hapo. Miaka uliyozidisha inasamehewa. Mwaka huo huo walipitisha sheria nyingine ya ndoa za uongo: ndoa ikiwa bado haijamaliza miaka miwili, unapewa grini kadi ya miaka miwili kwanza, kisha mnarudi kuthibitisha kwamba bado mko pamoja.

Sasa shida ya ankol. Aliingia 2003 kwa viza ya matembezi, akapewa miezi sita, akakaa. 2008 akaoa. Lakini hakuoa raia. Alioa Mkenya mwenzake, msichana wa Nyeri aliyeshinda grini kadi kwa ile bahati nasibu ya viza na kufika huko 2007. Ndoa ya kanisa, ya ukweli kabisa. Na kwa sheria, mwenye grini kadi si raia. Anaweza kumwombea mume wake, ndiyo, lakini ule msamaha wa miaka iliyozidi haupo. Ilibidi wangoje mke afikishe miaka mitano, aombe uraia, aape, ndiyo amwombee upya kama mke raia. Yaani mapenzi ni yale yale, nyumba ni ile ile, kitu kinachobadilika ni karatasi ya mke.

Zamani kungekuwa na njia nyingine. 1994 Congress ilifungua mlango wa faini: hata kama kibali kiliisha, hata kama uliruka mpaka, ukiwa na mtu wa kukuombea unalipa dola 650 juu ya ada, baadaye 1,000, na unamalizia mambo yako bila kutoka nchini. Mlango ukafungwa Januari 1998, ukafunguliwa kidogo tena mwishoni mwa 2000, na siku ya mwisho ya kupeleka maombi ikawa 30 Aprili 2001. Mwezi huo foleni kwenye ofisi za ndoa huko New York zilikuwa ndefu ajabu. Ankol alitua miaka miwili baadaye. Maze, miaka miwili tu.

Lakini kilichomfungia ndani siku ya mazishi ni sheria ya 1996. Clinton aliitia sahihi 30 Septemba, na kifungo ninachoongelea kikaanza kuhesabu siku kutoka 1 Aprili 1997. Kinasema hivi: ukikaa bila kibali zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka, hurudi kwa miaka 3. Ukikaa mwaka mmoja au zaidi kisha ukaondoka, hurudi kwa miaka 10.

Soma tena hapo kwa "kisha ukaondoka". Hiyo adhabu haikupigi ukiwa umekaa. Inakupiga ukitoka. Waliotaka watu waondoke waliandika sheria inayowaambia msithubutu kuondoka. Kuna msamaha, lakini lazima uonyeshe kwamba mume, mke au mzazi wako aliye raia au mwenye grini kadi atapata mateso makubwa kupita kiasi. Kukosana na mke kwa umbali tu hakutoshi. Kufiwa na mama Murang'a hakumo kabisa. Mimi nikisoma hiyo sheria naona watu ambao hawajawahi kuhitaji kupanda ndege mbili kufika matangani.

Kwa hivyo fanya hesabu ya ankol 2011. Akija Kenya kwa siku saba, anarudi lini? 2021, kama mambo yataenda sawa. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi saba. Aliniambia alikuwa ametafuta tiketi, ameijaza hadi mahali pa kulipa, na ukurasa ukakaa wazi usiku mzima.

Jambo lingine la 1996 ambalo watu hawasemi: ndiyo sheria iliyobadilisha maana ya mdhamini. Kabla ya hapo, mahakama zilichukulia ile barua ya kudhamini kama ahadi ya heshima. Baada ya hapo ikawa mkataba. Anayekuombea anaonyesha mapato ya angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kulingana na ukubwa wa familia, na anabaki kuwajibika mpaka uwe raia, au ufanye kazi iliyohesabiwa robo-mwaka 40, karibu miaka 10, au uondoke huko moja kwa moja, au mmoja wenu afe. Talaka haiumalizi. Mke wa ankol alikuwa anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee, na mwaka aliojaza hiyo fomu alipiga zamu mbili kwa siku ili ile namba itoshe. Tukisema "ameoa karatasi" tunasahau kuna mtu upande wa pili aliyeweka sahihi.

Baadaye mambo yalilegea kidogo. Aprili 2012, bodi ya rufaa za uhamiaji iliamua kesi ya mume na mke kutoka India ambao maombi yao yalikuwa yanangoja. Walikuwa wamesafiri nyumbani kwa kibali maalum kuwaona wazazi wao wazee, na waliporudi wakaambiwa miaka 10 imewashika. Bodi ikasema hapana, kusafiri kwa kibali hicho si "kuondoka". Mwaka mmoja tu baada ya shosho. Ingawa ankol hakuwa hata na maombi yanayongoja wakati huo, kwa hivyo bado asingetoka. Kutoka 2013 wengine wakaruhusiwa kuomba ule msamaha wakiwa bado ndani, kabla ya kwenda mahojiano nje. Na Juni 2024 serikali ya Biden ilitangaza mpango wa wenzi wa raia ambao hawakuingia kwa mlango na wamekaa miaka 10 au zaidi. Ilikadiria watu karibu nusu milioni. Ulifunguliwa 19 Agosti, wiki moja baadaye jaji wa Texas akausimamisha, na 7 Novemba akaufuta.

Mke wa ankol aliapa kuwa raia mwishoni mwa 2012. Ankol akapata grini kadi yake 2014, na Desemba hiyo hiyo akaja. Hakuenda kwa nyumba kwanza. Alishuka kwa gari hapo getini, akauliza kaburi liko wapi, na ni mimi nilimpeleka kwa sababu mimi ndiye nilikuwa namwonyesha siku ile. Alikuwa anadhani liko upande wa kushoto wa migomba. Liko kulia. Kwa skrini kamera ilikuwa imegeuza kila kitu.

Anti mkubwa alimsalimia kwa mkono, si kwa kumkumbatia, na mpaka leo bado ni hivyo. Hii post nimemtumia kwa WhatsApp jana usiku kabla sijaiweka hapa. Tiki za bluu zimeingia. Jibu bado.