Ua la Saintpaulia: Lioteshwe kwa Jani, Lisichimbwe Msituni

Ua la Saintpaulia, lenye asili ya misitu ya Tanzania na Kenya, hupandwa majumbani katika nchi nyingi. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Usambara, alilipeleka Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina hilo. Porini huota kwenye miamba yenye unyevu chini ya kivuli cha miti. Miti inapofyekwa, mmea hunyauka, na baadhi ya aina zake zimo hatarini kutoweka.

Anayetaka kulipanda nyumbani hana haja ya kung'oa mche msituni. Jani moja lenye afya kutoka kitaluni au kwa jirani latosha. Hukatwa pamoja na kikonyo chake, nacho huchomekwa katika udongo mwepesi wenye mboji, usiotuamisha maji. Baada ya wiki kadhaa, miche huchipua.

Chungu kiwekwe penye mwanga, mbali na jua kali. Udongo wa juu ukikauka, umwagiliwe maji yasiyo baridi bila kulowesha majani, ili yasipate madoa. Maji yakizidi, mizizi huoza.