Nzi bandia wa trauti: Kisanduku kidogo chatosha kutoka Rungwe hadi Nyika

KATA ya Isongole, wilayani Ileje mkoani Songwe, iko kati ya maeneo mawili yenye samaki aina ya trauti. Upande wa kaskazini mashariki kuna Mto Kiwira, unaoshuka kutoka milima ya Rungwe hadi Ziwa Nyasa. Kusini, ng'ambo ya mpaka na mbele ya Chitipa nchini Malawi, kuna uwanda wa juu wa Nyika. Mto Songwe wenyewe, katika sehemu zake za chini zenye joto, haumfai samaki huyo, ambaye hustawi katika maji yasiyozidi nyuzi joto 20 hivi.

Trauti si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1905, mlowezi Ewart Grogan alipandikiza trauti wa kahawia katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Baadaye utawala wa Waingereza ulipeleka trauti katika mito ya Kilimanjaro na ya Mbeya kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Samaki alikuja kutoka mbali, lakini chakula alikikuta hapa hapa, na hilo ndilo wavuvi wengi husahau wanapofungua visanduku vyao.

Miongoni mwa wadudu anaowala ni nzi wa mawe. Mdudu huyu huishi majini akiwa tunutu, chini ya mawe penye maji yaendayo kasi, kisha hutambaa hadi kwenye jiwe au ukingo, hujivua gamba na kuruka. Tunutu wake hutambulika kwa mikia miwili na kucha mbili katika kila mguu. Yule anayefanana naye, wa jamii ya nzi wa siku moja, kwa kawaida ana mikia mitatu, kucha moja, na matamvua yaliyopangwa ubavuni mwa tumbo.

Magharibi mwa Marekani, nzi wa mawe ni wa aina nyingi, na mkubwa kuliko wote, Pteronarcys, hukaribia urefu wa sentimita 5. Ndiyo maana katalogi za huko zimejaa nzi bandia wakubwa, weusi na wa rangi ya machungwa. Katika Afrika ya kitropiki hali ni tofauti kabisa: karibu nzi wa mawe wote ni wa jenasi moja, Neoperla. Tunutu wake ni wa manjano iliyochanganyika na kahawia, mwenye mabaka meusi kichwani na kifuani, na urefu wake mara nyingi ni kati ya sentimita 1 na 2. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba sehemu kubwa ya nzi bandia wanaouzwa Ulaya na Marekani hufungwa kwa mkono na mafundi wa Kenya, wakiiga wadudu ambao hawajawahi kuonekana Kenya.

Kwa hiyo anayekwenda Kiwira au Nyika hana haja ya kununua dazeni kadhaa. Tunutu bandia wa manyoya ya sungura, yule aitwaye Hare's Ear, kwenye ndoana namba 10 hadi 14, atamtosha kwa sehemu kubwa ya siku. Ikumbukwe kwamba namba ikiongezeka, ndoana hupungua. Aongezewe ushanga wa chuma au waya mzito, kwa sababu tunutu wa kweli haogelei juu. Akibanduka kwenye jiwe husombwa karibu na sakafu ya mto. Nzi bandia asiyegusa kokoto mara kwa mara yuko juu mno, hata rangi yake iwe sahihi namna gani.

Mdudu mzima ana umuhimu mdogo hapa. Neoperla huruka zaidi usiku na hufuata taa, wakati ambapo mvuvi amekwisha kurudi kambini. Mmoja au wawili wa kuelea, wa manjano, kwa saa za magharibi, wanatosha.

Kipimo bora kuliko katalogi yoyote ni kugeuza mawe matano au sita penye maji ya kasi, kutazama ukubwa na rangi ya tunutu, kisha kuyarudisha yalivyokuwa. Wataalamu wa maji hufanya jambo linalokaribiana na hilo. Mfumo wa kupima afya ya mito ya Tanzania, TARISS, hutumia wadudu wa majini, na nzi wa mawe hupewa alama za juu kwa kuwa huhitaji maji safi yenye oksijeni nyingi. Tope la mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni huziba nafasi chini ya mawe na kumwondoa kabla ya trauti mwenyewe kuondoka.

Mawe yakigeuzwa na kukutwa minyoo mitupu, kubadilisha nzi bandia hakutasaidia. Habari hiyo yafaa ifikishwe Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, yenye makao yake Tukuyu.