Jua la Saa Kumi na Moja: Kuhusu Picha za Pamoja za Timu za Vijana Mjini Lubumbashi

Wanahistoria wa miji yetu ya shaba wameandika mengi juu ya reli, migodi, mishahara na migomo. Juu ya picha za timu za vijana wameandika machache sana, ingawa katika nyumba za wazee wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi picha hizo hukutwa mara kwa mara, zimetundikwa ukutani au zimefichwa sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo. Kila msomaji anazijua. Safu ya mbele imechuchumaa, safu ya nyuma imesimama, mikono imefungwa kifuani, mpira umewekwa katikati, na vivuli virefu vimelala juu ya vumbi. Vivuli hivyo ndivyo vilivyotusukuma kuandika makala haya. Picha nyingi za aina hii zilipigwa jioni, wala jioni hiyo haikutokea kwa bahati tu. Tunavyoona sisi, saa ya picha ni ushahidi wa kihistoria sawa na majina yaliyoandikwa nyuma yake, na ushahidi wa namna zote mbili unaendelea kupotea.

Tuanze na maneno, maana ndiyo kazi yetu ya kila siku. Mwalimu wa Kiswahili sanifu atasema «picha ya timu», na maneno yote mawili, picha na timu, yametoka katika Kiingereza. Mkaaji wa Lubumbashi atasema «foto ya ekipe», na yote mawili yametoka katika Kifaransa. Wawili hao hukutana katika neno la tatu, mpira, au mupira kwa matamshi ya Katanga, ambalo lilikuwa jina la utomvu kabla ya kuwa jina la mchezo. Katika nchi ambayo watu wake waliteswa kwa ajili ya utomvu huo chini ya Leopold II, hadi mwaka 1908, neno hilo si jepesi. Tutaona punde kwamba hata timu mashuhuri kuliko zote mjini kwetu ilipata kuitwa kwa jina la kiwanda cha matairi.

Timu hiyo ilizaliwa kama timu ya vijana. Mwaka 1939 wamisionari Wabenedikto waliokuwa wakiongoza shule ya Saint-Boniface, mjini Elisabethville, waliwaundia wanafunzi wao timu ya mpira wa miguu, wakaiita Saint-Georges, kwa jina la mtakatifu msimamizi wa skauti. Mwaka 1944 ikaitwa Saint-Paul. Baadaye ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi iliyoifadhili. Na baada ya uhuru ikajiita Tout-Puissant, ndiyo TP Mazembe ya leo, iliyotwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mpinzani wake wa jadi, Saint-Éloi Lupopo, iliundwa pia mwaka 1939, miongoni mwa wafanyakazi wa reli. Mashabiki wa leo wanaogombana juu ya vikombe husahau kwamba upande mmja ulianza kwa vijana wa shule waliokuwa wakikimbizana uwanjani baada ya masomo, chini ya macho ya mapadri.

Kwa nini jioni? Jibu la kwanza ni la kawaida: asubuhi ni ya shule na kazi, mchana ni wa joto. Lakini kuna jibu la pili, nalo ni la historia zaidi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilikuwa imeacha kutegemea vibarua wa muda mfupi, ikaanza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Kambi ikawa na watoto, watoto wakawa vijana, na vijana wakawa na jambo ambalo utawala wa kikoloni uliliogopa: muda usio na mwenyewe. Saa zile baina ya kumalizika kwa kazi na kuingia kwa usiku ndizo zilizowatia wasiwasi wakuu wa kampuni na wa misheni pia. Huko Léopoldville, Padri Raphaël de la Kéthulle alitumia maisha yake kuzijaza saa hizo kwa michezo na kwa viwanja, na uwanja mmoja mkubwa unabeba jina lake hadi leo. Kwetu Katanga kazi hiyo waliifanya Wabenedikto na kampuni. Picha ya pamoja ilikuwa kama taarifa ya jioni iliyotumika vizuri: hawa hapa vijana wetu, wamevaa sare, wamepangwa kwa safu, wametulia.

Hata hivyo uwanja haukuwa wa utulivu tu. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waliogoma kudai nyongeza ya mshahara walikusanyika katika uwanja wa mpira mjini Elisabethville. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alifika hapo. Askari wakafyatua risasi, watu kwa makumi wakauawa, miongoni mwao Léonard Mpoyi aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake. Anayeitazama picha ya vijana wa miaka ya 1940, waliochuchumaa juu ya vumbi la viwanja vya kambi, akumbuke tukio hilo. Baadhi ya vijana hao walikuwa watoto wa wagomaji. Picha haisemi, lakini tarehe husema, ikiwa imeandikwa.

Sasa tuutazame mwanga wenyewe, kwani hapa ndipo wengi hupita haraka mno. Lubumbashi iko karibu na nyuzi 12 kusini mwa ikweta, kwenye uwanda wa juu wa mita 1,200 hivi. Mwishoni mwa Oktoba, na tena katikati ya Februari, jua la adhuhuri husimama utosini kabisa. Picha ikipigwa saa hiyo, paji la uso huyatia macho kivuli, na kijana wa miaka kumi na sita hutoka kama fuvu. Saa kumi na moja jioni mambo hugeuka. Jua liko chini, mpiga picha hulipa mgongo, timu hutazama magharibi, na mwanga huingia hadi ndani ya macho. Ndiyo sababu vijana wengi katika picha hizo wamekunja nyuso, na tusikimbilie kusema kwamba walikasirika au walimwogopa padri. Walikuwa wakitazama jua.

Lakini mpiga picha hakuwa na nafasi kubwa. Jua letu huzama kabla tu ya saa kumi na mbili mwezi Juni, na mnamo saa kumi na mbili na dakika arobaini mwezi Januari, kisha giza huja upesi. Filamu za zamani zilihitaji mwanga mwingi. Mwanga ukipungua, ilibidi tundu la kamera liachwe wazi muda mrefu zaidi, na atakayetikisika ataonekana ana vichwa viwili. Mikono iliyofungwa kifuani, ambayo wengine wameiona kuwa ishara ya kiburi cha ujana au ya nidhamu ya skauti, ilikuwa pia njia rahisi ya kuifanya mikono isicheze.

Kuna jambo lingine, nalo linaumiza. Filamu iliyoitwa ortokromatiki, iliyotumika sana kabla ya ile ya pankromatiki kuenea katika miaka ya 1930, haikuiona rangi nyekundu. Mwanga wa jioni una wekundu mwingi, hasa wakati wa kiangazi, hewa ikiwa imejaa vumbi na moshi wa mioto ya porini. Ngozi yetu nayo hurudisha wekundu huo. Kwa hiyo filamu ilipokea machache sana kutoka katika nyuso za vijana, lakini ilipokea yote kutoka katika kanzu nyeupe ya padri aliyeketi katikati. Hata filamu ilipokuwa bora, mpiga picha aliyepima mwanga kwa kufuata kanzu hiyo au jezi nyeupe alizitupa nyuso gizani. Tukichukua picha kama hiyo leo tunamwona padri hadi vifungo vyake, na kumi na mmoja waliomzunguka ni vivuli vyenye meno. Si kweli kwamba walikuwa «weusi mno», kama tulivyozoea kusikia kwa mzaha usiopendeza. Kifaa kilikuwa kimechaguliwa, na kipimo pia.

Mwanga huohuo, hata hivyo, humsaidia mtafiti. Mwamba wa juu wa goli la kawaida uko mita 2.44 kutoka ardhini. Goli likionekana nyuma ya timu, tunaweza kukadiria urefu wa kivuli chake. Kivuli kikiwa mara mbili ya urefu wa kitu, kwetu jua limebakiza kama saa moja na dakika hamsini kuzama. Kikiwa mara nne, limebakiza takriban saa moja. Ni makadirio tu, na uwanja ukiwa na mteremko hesabu huharibika. Jezi nazo zitazamwe: zikiwa safi na kivuli ni kifupi, mchezo haujaanza, zikiwa na vumbi na kivuli kimevuka mstari wa goli, umekwisha. Aidha mara nyingi kivuli cha mpiga picha mwenyewe hulala mbele ya safu ya kwanza, kichwa na viwiko, na kwa wapiga picha wengi wa mitaani hiyo ndiyo alama pekee waliyotuachia.

Kisha tuigeuze picha. Maandishi ya nyuma huanza kutupa tarehe hata pale ambapo hakuna mwaka. «Elisabethville» hutuweka kabla ya 1966. «Shaba» hutuweka baina ya 1971 na 1997. Majina ya watu ni magumu zaidi. Mwaka 1972, kwa siasa ya «authenticité», majina ya Kikristo yaliachwa na kila raia akalazimika kutumia majina ya mababu. Joseph wa picha ya 1958 hawezi kupatikana katika orodha ya wafanyakazi wa Gécamines ya 1975, ingawa ni yeye yule, akiwa na goti lilelile lililoumia. Na lakabu za uwanjani, ambazo vijana waliandikiana kwa furaha badala ya majina, zinahitaji mtu aliyekuwepo ili zifumbuliwe.

Watu hao ndio wanaotuishia, na baadhi yao hawapo tena mjini. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai kwa mamia ya maelfu walifukuzwa Katanga; wengi walingoja treni vituoni, Likasi na kwingineko, kwa majuma na miezi, na wengine walifia hapo. Wengi wao walikuwa wamezaliwa kambini. Kambi za Union Minière, na baadaye za Gécamines, zilichanganya watoto wa kila asili, na timu zao vilevile. Picha iliyobaki Lubumbashi ina nyuso ambazo wenye nyumba wanaweza kuzitaja nusu tu. Nusu ya pili ya majina ilipanda treni kwenda Mwene-Ditu. Kampuni nayo ilianguka: uzalishaji wa shaba uliokuwa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ulishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993, na michezo ya kambini ikafifia pamoja nao. Msanii Sammy Baloji, katika kazi yake iitwayo «Mémoire» ya mwaka 2006, aliziweka picha za kale za wafanyakazi juu ya picha za magofu ya mitambo. Timu za vijana bado hazijapata wa kuzifanyia hivyo.

Wachoraji wa Katanga wa miaka ya 1970 waliuita mchoro unaotundikwa sebuleni «ukumbusho». Hatujui neno bora zaidi kwa picha ya timu. Kijana wa leo hupigwa kwa simu, nayo simu hujiongezea mwanga yenyewe hata magharibi. Nyuso hutoka vizuri, lakini picha haina mgongo wa kuandikia.

Kwa wanafunzi wetu watakaokwenda kukusanya, neno la kazi tu. Msianze kwa kumwuliza mzee mwaka, kwani ataona aibu kukosea. Mwambieni: «Baba, kipa wenu ni huyu?» Kipa amevaa jezi ya rangi nyingine, naye hukumbukwa kwanza, kwa magoli aliyofungwa. Kutoka kwake fuateni safu kuelekea kushoto, jina kwa jina, na yule asiyetajika mwacheni, mrudi kwake mwishoni. Andikeni kwa kalamu ya risasi, kwa mkono mwepesi, nyuma ya nakala na si nyuma ya picha yenyewe. Jina la zamani kwanza, kisha lile la baada ya 1972, na mji anakokaa sasa, kama anajulikana.