Rubani Aliyegeuka Kisukuku

Filamu ya Alien, iliyoongozwa na Ridley Scott na kuanza kuonyeshwa mwaka 1979, ina onyesho moja ambalo halisogezi kisa mbele sana, lakini ndilo lililozaa mjadala wa zaidi ya miaka 30. Wafanyakazi wa chombo cha mizigo kiitwacho Nostromo wanaingia katika chombo kingine kilichotelekezwa kwenye ulimwengu wa mbali, na humo wanamkuta rubani mkubwa mno aliyefia kitini, ambaye mwili wake umekuwa kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, na mbavu zake zimepinda kuelekea nje. Wanamtazama kwa muda mfupi, kisha kisa kinaendelea bila kurudi kueleza alikuwa nani.

Katika rasimu za mwanzo za mwandishi Dan O'Bannon, chombo chenye rubani na jengo lenye mayai ya kiumbe hatari wa filamu hiyo, lililofanana na piramidi, vilikuwa mahali pawili tofauti, na ni uhaba wa fedha uliolazimisha viunganishwe. Umbo la rubani lilibuniwa na H. R. Giger, msanii wa Uswisi aliyezoea kuchanganya mifupa na mitambo hata isijulikane mwili unaishia wapi na kiti kinaanzia wapi. Kampuni ya 20th Century Fox ilisita kugharamia sanamu kubwa hivyo kwa onyesho fupi hivyo, na ilipokubali, Scott aliwavalisha watoto, wakiwamo wanawe wawili, mavazi madogo ya anga katika studio za Shepperton, Uingereza, ili sanamu ionekane kubwa kuliko ilivyokuwa.

Historia hiyo fupi ina uzito, kwa sababu inaonyesha kwamba rubani hakuwa kitendawili. Anayetega kitendawili huwa na jawabu tayari, na hadhira ikishindwa humpa mji ndipo alitoe. Waliotengeneza Alien hawakuwa na jawabu walilolificha, bali walikuwa na taswira tu, na kazi ya taswira hiyo ilikuwa kumfanya binadamu ajione mdogo na aliyechelewa sana kufika.

Si kweli, hata hivyo, kwamba kila maelezo huua hofu. James Cameron, katika Aliens ya mwaka 1986, alijibu swali la nani hutaga mayai kwa kumleta malkia, na jibu hilo lilikubalika kwa kuwa lilileta hatari mpya ambayo wahusika walipaswa kukabiliana nayo papo hapo. Filamu tangulizi, yaani ile inayotengenezwa baadaye lakini ikasimulia yaliyotukia kabla, haina nafasi hiyo kwa urahisi, maana mwisho wake umekwisha kujulikana. The Thing ya mwaka 2011 ni mfano wa wazi: iliipitia kwa makini filamu ya John Carpenter ya mwaka 1982, ambamo Wamarekani walioko Antaktika wanaikuta kambi ya watafiti kutoka Norwe imeteketea, ikaeleza maiti yenye nyuso mbili ilitokeaje, na hata shoka lililoachwa limekwama lilifikaje pale. Ni kazi ya uaminifu, pengine mno, kama ya karani anayehakiki daftari la mwenzake.

Scott mwenyewe, ambaye alikuwa amesema hadharani kwamba alishangaa hakuna filamu iliyofuata iliyouliza rubani yule ni nani, alirudi na Prometheus mwaka 2012. Humo watazamaji walielezwa kwamba ile iliyodhaniwa kuwa mifupa ilikuwa vazi, na kwamba ndani yake mlikuwa na kiumbe mweupe asiye na nywele, mwenye umbo la kibinadamu na nasaba ya karibu na binadamu. Kosa hapa si kutoa jibu, bali ni kutoa jibu linalomrudisha binadamu katikati ya ulimwengu, mahali ambapo filamu ya kwanza ilikuwa imemwondoa. Alien: Covenant ya mwaka 2017 iliendelea mbali zaidi, ikionyesha mayai yakitokana na majaribio ya David, roboti mwenye umbo la mtu aliyeundwa na wanadamu, katika kisa kilichowekwa mwaka 2104, ilhali Nostromo inatua kwenye ulimwengu ule mwaka 2122. Miaka 18 haitoshi kumgeuza jiwe yeyote aliyeuawa na kiumbe wa mayai hayo, ingawa ni kweli kwamba mchongo mmoja katika Prometheus unadokeza kuwa viumbe kama hao wa mayai walikuwapo kabla ya David.

Filamu ya kuziba pengo la miaka hiyo ilikusudiwa lakini haikutengenezwa. Zaidi ya hayo, Prometheus inatukia katika ulimwengu uitwao LV-223, wakati rubani wa kwanza alikutwa katika mwingine uitwao LV-426, kwa hiyo hata baada ya filamu mbili zilizokusudiwa kumweleza, hakuna hata moja kati yake iliyofika kwenye kiti chake.